Namna ya Kuandaa Hotuba ya Rais kwa Wananchi Kuhusu Uhalifu, Dini na Maendeleo

Watanzania wa umri wa kati wanaikumbuka desturi ya hotuba ya mwisho wa mwezi, ambayo Rais Benjamin Mkapa, na baada yake Rais Jakaya Kikwete, waliitumia kuzungumza na wananchi kupitia redio na televisheni. Hotuba ya namna hiyo haina uwanja, haina ngoma wala vikundi vya kwaya, na hakuna wa kupiga makofi pale hoja inapopwaya. Kiongozi anazungumza na mtu aliyeketi kwake, pengine anachambua mchele, pengine anahesabu mauzo ya siku kabla ya kufunga duka. Hotuba inayogusa uhalifu, dini na maendeleo kwa wakati mmoja ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa sentensi moja tu iliyolegea inaweza kumfanya mtu aanze kumshuku jirani aliyeishi naye miaka ishirini. Maelekezo haya yanawahusu maafisa wanaoandaa rasimu, iwe ni za Ikulu au za ofisi ya mkoa, pamoja na wanafunzi wa mawasiliano ya umma wanaotaka kujua kazi hiyo hufanywaje.

Anza na tukio

Mwananchi anayesubiri hotuba baada ya mauaji au baada ya nyumba ya ibada kuchomwa hasubiri falsafa ya amani, bali anataka kujua nini kimetokea, wapi, lini, na kama ni salama kumpeleka mtoto shule kesho asubuhi. Kwa hiyo, kabla hujaandika neno lolote, kusanya taarifa ya Jeshi la Polisi, taarifa ya mkuu wa mkoa na maelezo ya mtu mmoja aliyeko mahali penyewe, kisha uziweke sambamba na kuzilinganisha. Zikitofautiana, chukua kile ambacho zote zinakubaliana na uache kilichobaki, hata kama kilichobaki ndicho chenye mvuto. Idadi ya majeruhi ikirekebishwa kesho yake baada ya Rais kuitaja, hakuna atakayekumbuka kwamba hospitali ndiyo iliyochelewa kuleta takwimu.

Kiungulia cha rasimu nyingi huanzia kwenye maneno ya kulaani. “Tunalaani kwa nguvu zote” ni maneno ambayo sikio limeyazoea mno, na hayamwambii msikilizaji chochote kuhusu kitakachofanyika. Vivyo hivyo na “vyombo vya dola vimeagizwa”, kwa sababu kauli ya kutendwa inamficha mwagizaji, aliyeagizwa na siku ya kuleta majibu. Andika badala yake kwamba Rais amemwagiza nani, afanye nini, na kabla ya tarehe ipi. Kama hakuna agizo, usilibuni. Maneno “watu wasiojulikana” nayo yanahitaji uangalifu wa pekee, maana tangu miaka ya 2016 na 2017, yalipotumika kuwataja watekaji na washambuliaji ambao hawakutambuliwa, yamebeba mzigo wake katika masikio ya Watanzania, kiasi kwamba ukiyatumia kwa maana ya kawaida kabisa bado wengine watasikia jambo jingine. Ni afadhali kusema wazi kwamba hadi saa hiyo polisi hawajamtambua mhusika.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla ya hatia hiyo kuthibitika. Kanuni hii inamfunga mwandishi wa hotuba kuliko anavyodhani, kwa sababu hakimu atakayesikiliza kesi naye ana redio nyumbani. Rais akisema “wauaji tumewakamata”, amekwisha kutoa hukumu, na amempa wakili wa utetezi hoja ya kuanzia. Andika “wanashikiliwa watu watano kwa mahojiano”, kisha ukae kimya.

Tukio likiwa limetokea Zanzibar, ongeza uangalifu. Polisi ni jambo la Muungano, lakini Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na Mkurugenzi wa Mashtaka wake, na kwa hiyo ahadi ya kuharakisha mashtaka inayotolewa kutoka Dodoma au Dar es Salaam yaweza kuwa ahadi juu ya kazi ya mtu mwingine. Nimewahi kuona rasimu iliyosahau jambo hilo ikirudishwa ikiwa na mstari mwekundu mrefu pembeni, na nilikubaliana na aliyeuchora.

Kutaja dini pasipo kuitia hatiani

Hapa ndipo kazi ilipo. Tazama sentensi hii: “Waislamu waliochoma makanisa watachukuliwa hatua.” Mwandishi alikusudia kusema kwamba wachache waliofanya kitendo hicho watachukuliwa hatua, lakini Kiswahili hakina alama inayosikika ya kutenganisha “wale tu waliochoma” na “Waislamu, ambao wamechoma”. Kwenye karatasi mkato ungeweza kusaidia kidogo, ila redioni mkato hausikiki. Geuza sentensi hiyo, uweke “Wakristo waliovunja bucha”, na utaona ugonjwa ni uleule. Dawa yake ni kuondoa jina la dini kwenye nafasi ya mtenda, ukaandika “watu waliochoma makanisa” na “watu waliovunja bucha”, kwa kuwa sheria nayo inamshtaki mtu kwa jina lake. Jina la dini libaki pale linapomtambulisha aliyeumizwa au mahali palipoharibiwa, na hata hapo kwa kipimo.

Tanzania imepita mahali ambapo jambo hilo halikuwa la darasani. Mwezi Oktoba mwaka 2012, makanisa yalichomwa Mbagala jijini Dar es Salaam baada ya mtoto kutuhumiwa kuikojolea Kurani. Mwezi Februari mwaka 2013, mgogoro wa nani, kati ya Waislamu na Wakristo, achinje nyama ya kuuzwa buchani ulisababisha kifo mkoani Geita, na tarehe 17 ya mwezi huohuo Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi Zanzibar. Tarehe 5 Mei mwaka huo, bomu lilirushwa kwenye ibada ya uzinduzi wa parokia ya Olasiti, Arusha. Mwandishi wa hotuba aliyekabidhiwa matukio hayo kwa mpigo angeshawishika kuyafunga katika furushi moja lenye jina la “udini”. Huo ungekuwa uvivu wenye madhara, kwa maana mzozo wa kuchinja unamalizwa kwa kikao cha wahusika na utaratibu unaokubalika, ilhali bomu na risasi ni kazi ya upelelezi. Kila tukio lipewe aya yake na suluhisho lake. Ukiyachanganya, mwananchi wa kawaida ataelewa kwamba kuna vita kati ya pande mbili, na kwamba yeye yuko upande mmojawapo.

Kuhusu Katiba, ibara ya 3 inaitaja Jamhuri ya Muungano kuwa nchi isiyokuwa na dini, na ibara ya 19 inaufanya uenezaji wa dini kuwa jambo la hiari ya mtu binafsi, huku uendeshaji wa jumuiya za dini ukiwekwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Yatosha kuzitaja mara moja, kwa lugha ya nyumbani: serikali haina dini, wananchi wanazo. Kisha epuka kabisa kutaja nani ni wengi. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza dini ya mtu nchini Tanzania, na asilimia zozote zinazotajwa baada ya hapo zinatoka kwingine na huzua ubishi usiokwisha. Rais hana sababu ya kuuingia.

Salamu nazo zina hesabu zake. Wapo viongozi wanaoanza na “Assalaam aleikum”, wakafuatisha “Tumsifu Yesu Kristo” na “Bwana Yesu asifiwe”, na mkutanoni jambo hilo hupendeza kwa sababu watu wanaitikia. Katika hotuba ya studio hakuna wa kuitikia, na mwenye kinyongo atahesabu ipi imetangulia. “Ndugu wananchi” imetosha tangu enzi za Mwalimu, nami sijaona sababu ya kuiacha. Aya za vitabu vitakatifu ziwe za pande zote au zisiwepo. Kwa maoni yangu, hotuba inayohusu uhalifu ni bora isiwe nazo.

Rasimu ikiwataja viongozi wa dini, basi BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), Baraza la Maaskofu Katoliki, Jumuiya ya Kikristo Tanzania, Baraza la Makanisa ya Kipentekoste na, kwa upande wa visiwani, Ofisi ya Mufti wa Zanzibar, wasilisikie jambo hilo redioni kwa mara ya kwanza. Wapigiwe simu mchana. Na usiandike kwamba “wawakemee waumini wao”, kwani maneno hayo yanawakabidhi uhalifu kama vile ni mali yao. Waombe jambo moja linalotendeka, kwa mfano kutorusha kanda za mihadhara ya kukashifu dini nyingine kwenye vipaza sauti vya nje.

Mwachie msikilizaji kazi ya kufanya

Hotuba ya uhalifu isiyompa mwananchi la kufanya humwachia hofu tu. Mwaka 2009, wakati wa mauaji ya watu wenye ualbino, serikali iliendesha kura ya siri katika mikoa ya Kanda ya Ziwa ili wananchi wawataje wanaowashuku. Njia hiyo ilikuwa na hatari yake iliyo wazi, maana jina lililoandikwa kwenye karatasi laweza kuwa la mgomvi wa mpaka wa shamba, wala si ushahidi. Lakini ilimpa mtu aliyekuwa akiogopa kwenda kituoni namna ya kusema. Ukiandika jambo la aina hiyo, eleza palepale kwamba taarifa itachunguzwa kabla ya mtu kukamatwa, na kwamba kujichukulia sheria mkononi ni kosa. Polisi jamii na ulinzi shirikishi navyo vitajwe kwa namna mtu anavyovijua mtaani: nani anaandikisha zamu, mjumbe yupi apewe taarifa, na nani anagharimia tochi na filimbi.

Maendeleo

Sehemu hii ndiyo huongezwa usiku wa mwisho, kila wizara ikileta aya yake, na ndiyo inayowafanya watu wazime redio. Usiiunganishe na uhalifu kwa kusema kwamba vijana wanaiba kwa kukosa ajira. Anayeuza maji kwenye foleni ya magari kuanzia alfajiri, naye hana ajira rasmi, atakusikia na atajua umemtukana. Kiungo cha kweli ni gharama ya hofu: mnada unaofungwa saa kumi badala ya saa kumi na mbili, bodaboda wanaokataa abiria wa usiku, mama lishe anayepoteza wateja wa jioni. Tarehe 2 Januari mwaka 2015, uvumi wa kundi la vijana wahalifu lililoitwa Panya Road uliwafanya watu wa mitaa mingi ya Dar es Salaam wakimbilie ndani na kufunga biashara. Mfano kama huo unaeleza uhusiano wa usalama na uchumi vizuri kuliko kurasa tatu za asilimia.

Mradi wowote utakaotajwa, mtume mtu akautazame wiki hiyohiyo. Niliwahi kumwandikia kiongozi mmoja wa wilaya sentensi nzuri kuhusu kisima kilichokamilika, kwa kutegemea taarifa ya robo mwaka iliyopita. Alipoifikia, akina mama waliosimama nyuma ya jukwaa na ndoo zao tupu walianza kucheka kwa chini, halafu kwa sauti, kwa sababu pampu ilikuwa imekufa mwezi mzima. Mambo mazito aliyoyasema kabla ya hapo kuhusu wizi wa mifugo hayakusikilizwa tena.

Tarakimu ziandikwe kwa maneno, na kwa namna isiyo na utata. “Elfu mia moja na ishirini” yaweza kusikika kama 120,000 au 100,020. “Laki moja na elfu ishirini” haina shaka. Kwa kiasi kikubwa cha fedha, taja pia kimenunua nini.

Urefu, saa na karatasi

Mwalimu Nyerere, alipolitangazia taifa vita dhidi ya Idi Amin mwezi Novemba mwaka 1978, aliifunga hoja nzima kwa maneno matatu, yaani sababu, uwezo na nia. Mwaka 1995, alipozungumzia udini, ukabila na rushwa, alitumia picha moja tu, ya nyumba iliyopata nyufa. Chagua picha moja uishikilie mpaka mwisho. Ukianza na nyumba, usimalizie na jahazi.

Dakika ishirini zinatosha. Baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku wengi wako nyumbani, lakini katika mwezi wa Ramadhani muda huo ni wa tarawehe, na hotuba inayozungumzia kuheshimiana kwa dini ikirushwa wakati sehemu kubwa ya walengwa wako msikitini itakuwa imejipinga yenyewe. Isogeze hadi ibada iishe.

Mwisho, msomee mtu asiyehusika na ofisi yako, kwa sauti, akiwa anafanya shughuli nyingine, kisha mwombe akueleze alichosikia. Akikwambia “umesema Wakristo” au “umesema Waislamu” mahali ambapo ulikusudia kusema “wahalifu”, rudi mezani. Nakala ya kusomwa ichapwe kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, kurasa ziandikwe namba na zisibanwe, na sentensi yoyote isikatwe katikati na mwisho wa ukurasa, hususan sentensi yenye jina la dini.