Kufunga Kiungo cha Kusawazisha Uzito kati ya Pikapu na Tela la Safari

Pikapu inapofungwa tela zito la safari, lile lenye vitanda na jiko ambalo familia za Marekani na Kanada hukokota wakati wa likizo, nyuma yake huzama na pua yake huinuka. Wengi hudhani kuzama huko ndiko tatizo, kwa kuwa ndiko kunakoonekana, kwa hiyo huweka springi za hewa, nyuma ikainuka, wakaridhika. Tatizo lenyewe liko mbele. Magurudumu yanayoongoza gari, na ambayo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, yamepoteza uzito, na usukani umekuwa mwepesi kuliko inavyofaa. Kazi ya kiungo cha kusawazisha uzito ni kuurudisha uzito huo mbele, nayo springi ya hewa haiwezi kazi hiyo hata ikiinua gari likaonekana limenyooka.

Hesabu yake si ngumu. Chukua pikapu ambayo ekseli zake zimeachana kwa futi 12, na gololi ya kuungia tela iko futi 5 nyuma ya ekseli ya nyuma. Shingo ya tela, yaani fremu yake ya mbele inayoungana na gari, ikiikandamiza gololi hiyo kwa pauni 800, yaani kilo 363 hivi, ekseli ya nyuma huwa egemeo la wenzo: ekseli ya mbele hupungukiwa pauni 333, na ya nyuma hubeba zile 800 pamoja na hizo 333, jumla pauni 1,133 juu ya mzigo wake wa awali. Vyuma viwili vya springi, vinavyotoka kwenye kichwa cha kiungo na kushikwa kwenye shingo ya tela kwa minyororo au mabano, hutengeneza wenzo wa pili unaosukuma kinyume. Vikikazwa kiasi cha kurudisha nusu ya kilichopotea, ekseli ya mbele hupata pauni 167, na kama ekseli za tela ziko futi 20 kutoka kwenye gololi, pauni 80 huhamia huko, huku ekseli ya nyuma ya pikapu ikipunguziwa 247. Pikapu bado imebeba 720 kati ya zile 800. Kwa hiyo muuzaji akikwambia kwamba kifaa hiki kinaongeza uwezo wa gari lako, usimsikilize.

Mipaka ya uwezo imeandikwa mahali pawili, na pote pasomwe kabla ya kununua chochote. Kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinaeleza uzito wa juu wa abiria na mizigo, na ndani ya uzito huo ni lazima ziingie pauni za shingo ya tela pamoja na kiungo chenyewe, ambacho kinaweza kukaribia pauni 100. Kibandiko cha pili kiko kwenye tundu la mraba nyuma ya gari, ambamo kiungo huchomekwa, na mara nyingi kina tarakimu mbili: uzito unaoruhusiwa bila vyuma vya springi, na ule mkubwa zaidi unaoruhusiwa vikiwapo. Yapo magari ambayo watengenezaji wake wanakataza kabisa kifaa hiki, na yapo matela yenye breki za kusukumwa, zinazojikamata tela linapolisukuma gari, ambayo hayakubaliani na kila aina ya kiungo, kwa hiyo kitabu cha gari na cha tela visomwe mapema.

Vyuma vya springi huuzwa kwa madaraja, kwa mfano pauni 600, 800, 1,000 au 1,200, na daraja huchaguliwa kwa uzito halisi wa shingo, pamoja na mizigo iliyo nyuma ya ekseli ya nyuma ya pikapu pale mtengenezaji anapoagiza ihesabiwe. Shingo inatakiwa kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lililopakiwa. Tela la pauni 6,000 litakuwa na shingo ya pauni 600 hadi 900. Tarakimu iliyo kwenye karatasi ya mauzo isitumike, maana ni ya tela tupu, na mara nyingi mitungi ya gesi na betri, ambavyo hukaa juu ya shingo yenyewe, havikuhesabiwa. Vyuma vyepesi mno havitarudisha uzito wa kutosha. Vizito mno hukakamaa na kuipiga chesisi ya tela kila barabara inapokuwa na matuta.

Kazi ya kufunga ifanyike kwenye sakafu tambarare kweli, si kwenye njia ya gari inayoteremka kidogo kuelekea barabarani kama zilivyo nyingi za majumbani. Pikapu na tela vipakiwe kama siku ya safari, na tairi zijazwe upepo zikiwa baridi. Kama gari lina springi za hewa zinazojirekebisha zenyewe, fuata kitabu chake, kwani baadhi hutakiwa kuzimwa wakati wa kupima. Lisawazishe tela kwa jeki ya shingo, pima kimo cha kikombe cha kuungia kutoka ardhini, kisha weka kichwa cha kiungo ili gololi iwe kwenye kimo hicho au juu yake kidogo, kwa kadiri mtengenezaji alivyoagiza. Nati ya gololi ndiyo inayopuuzwa zaidi. Kwa gololi yenye shina la inchi 1¼ agizo la kawaida ni takriban futi-pauni 450, na spana za kupimia zilizoko gereji nyingi za nyumbani hazifiki huko. Ni afadhali kuipeleka kwa fundi mwenye spana inayofaa kuliko kuikaza kwa kukisia.

Sasa vinakuja vipimo vitatu, vyote kutoka ardhini hadi ukingo wa madigadi ya mbele, utepe ukipita katikati ya gurudumu. Kipimo cha kwanza ni cha pikapu bila tela. Tuseme inchi 38. Cha pili huchukuliwa tela likiwa limekaa juu ya gololi na vyuma vya springi havijafungwa. Tuseme inchi 39¼. Cha tatu huchukuliwa vyuma vikiwa vimekazwa, na hapo ndipo kitabu cha gari kinapoamua. Vipo vinavyotaka nusu ya tofauti irudi, ambayo hapa ni inchi 38⅝, na vipo vinavyotaka madigadi irudi karibu na kimo chake cha mwanzo. Kushuka chini ya kimo cha mwanzo hakukubaliki: ekseli ya nyuma inakuwa nyepesi mno, na gari linaweza kuchomoka nyuma kwenye kona yenye maji.

Kipimo cha tatu kisipofika, mambo mawili hubadilishwa. Kuinamisha kichwa cha kiungo zaidi kuelekea tela, kwa kuongeza washa (vipete vya chuma) au kwa kusogeza meno yake, huleta badiliko kubwa. Kuvuta pingili moja zaidi ya mnyororo, au kupandisha bano tundu moja, huleta badiliko dogo. Baada ya kurekebisha, vyuma vikae karibu sambamba na shingo ya tela, na pingili za mnyororo zinazobaki kati ya chuma cha springi na bano zisipungue idadi iliyotajwa na mtengenezaji, ili mnyororo usikatike gari linapokata kona kali.

Hatua ya kukaza ndiyo inayojeruhi watu. Kikombe kikiwa kimefungwa kwenye gololi na pini yake imeingia, inua kwa jeki ya shingo hadi nyuma ya pikapu iinuke pamoja na tela. Hapo vyuma huingia mahali pake kwa nguvu ndogo. Anayehitaji kuning'inia kwenye mpini wa kukazia vyuma kwa uzito wa mwili wake hajainua jeki vya kutosha. Mpini ukiponyoka hurudi kwa kasi ya kuvunja taya, kwa hiyo kichwa na mikono visiwe kwenye njia yake. Wakati wa kufungua utaratibu ni uleule: jeki kwanza, vyuma baadaye. Minyororo ya usalama ipishane chini ya shingo, na waya wa breki ya dharura ufungwe kwenye gari lenyewe, si kwenye kichwa cha kiungo, kwa sababu kichwa kikichomoka waya huo utaondoka nacho bila kuvuta breki.

Utepe hukadiria, mizani ndiyo huthibitisha. Kwenye vituo vya malori vya Marekani kuna mizani za CAT Scale, ambazo wasomaji wanaoendesha malori huko wanazifahamu, na zina majukwaa tofauti yanayopima kila kundi la ekseli peke yake. Pima mara tatu kwa mpangilio uleule wa utepe, kisha linganisha ekseli ya mbele.

Kuyumba kwa tela ni suala jingine. Baadhi ya viungo vina msuguano wa kuzuia kuyumba, lakini tela ambalo shingo yake ni nyepesi mno litayumba tu. Tangi la maji la galoni 40 likijaa hubeba zaidi ya pauni 330, na likiwa nyuma ya ekseli za tela huipunguzia shingo uzito. Likiwa mbele huiongezea. Baiskeli zilizofungwa kwenye bampa ya nyuma hufanya kama tangi la nyuma. Kila mpangilio kama huo unapobadilika, uzito wa shingo na kimo cha madigadi vipimwe upya kabla ya kuingia barabara kuu.