Somo: Kuitoa oto kwenye GX81 na kuweka gia za mkono

Wakuu, maswali ya kuhamisha Mark II, Chaser na Cresta za GX81 kutoka oto kwenda gia za mkono yamekuwa mengi, kwa hiyo naweka yote hapa. Nazungumzia zile za injini ya 1G-FE, silinda sita za lita 2, toleo lililoanza kutoka mwaka 1988. Nyingi zilikuja na giaboksi ya oto ya A42DE. Inayoingia badala yake ni giaboksi ya familia ya W, mfano W55 au W58.

Kabla ya yote: kama oto yako bado inapanda na kushuka gia vizuri, mwaga ATF (mafuta ya oto), weka mpya, endelea na maisha. Kazi hii ina maana pale oto imekufa na kila ya mtumba unayoonyeshwa mafuta yake ni meusi na yananuka kuungua.

Kununua

Kazi hii huharibikia dukani kabla spana haijaguswa. Muuzaji atakutolea giaboksi, ataizungusha shafti kwa mkono, utasikia iko laini, utalipa. Kumbe giaboksi ndiyo kitu rahisi kupata kuliko vyote. Hausingi ya mbele ya giaboksi za W hufunguka kwa bolti, na W zimewekwa nyuma ya injini tofauti tofauti, Hilux zikiwemo. Kwa hiyo usiulize "hii ni W58?" tu. Uliza hausingi ni ya injini gani, na ikiwezekana nenda na picha ya mgongo wa 1G yako uhesabu matundu.

Usiondoke bila hivi: flaiwili (gurudumu zito linalofungwa nyuma ya kranki) pamoja na bolti zake, presha pleti, uma wa klachi na kijiti chenye kichwa cha duara unachoegemea, rilizi beringi, bati jembamba linalokaa kati ya injini na giaboksi, starta, mguu wa giaboksi na daraja lake, propela ya mbele, pedeli zote mbili (ya klachi na ya breki), masta ya klachi ya juu na ya chini, na waya wa swichi ya rivasi. Klachi pleti nunua mpya. Ukipata gari iliyokatwa nusu ya gia za mkono, lipa zaidi uichukue nzima. Kimoja kimoja utakuja kulipa zaidi, na utamaliza viatu ukizunguka maduka ya spea ya Gerezani, Dar.

Kushusha oto

Hapa sina mengi. Toa betri, mwaga ATF, weka alama ya rangi kwenye propela na flanji ya difu kabla hujafungua, fungua bolti za toki konveta (duara lenye mafuta linalounganisha injini na oto) kupitia tundu la chini, kisha shusha giaboksi na konveta yake pamoja. Ukiiacha konveta ining'inie kwenye injini itakumwagia mafuta usoni. Kebo inayotoka kwenye throto kwenda kwenye oto itoe kabisa. Mabomba mawili ya ATF yaliyoingia kwenye rejeta yazibe kwa vifuniko, yasiachwe wazi yakila vumbi.

Nyuma ya kranki: tulia hapa

Kwenye oto, pua ya konveta ndiyo inayokaa kwenye tundu la katikati ya kranki. Kwenye gia za mkono, tundu hilo linabeba pailoti beringi, nayo inashika ncha ya shafti ya giaboksi. Gari ya oto haina beringi hiyo. Fundi asiyejua atapandisha giaboksi na itakubali kuingia, gari itawaka na kuondoka. Shafti itakuwa inacheza mbele bila mshiko, itakula beringi ya kuingilia ya giaboksi, kisha meno. Mwenye gari atalaumu giaboksi ya mtumba.

Kwa hiyo futa tundu lile hadi ling'ae, jaribu beringi mpya kwa mkono kwanza. Inatakiwa ikatae kidogo kisha iingie kwa kugongwa taratibu, ukigonga ringi ya nje tu kwa soketi ya saizi yake. Ikidumbukia yenyewe au ikikataa kabisa, simama. Pima, nenda kwa tona (fundi wa kuchonga vyuma) akuchongee bushi. Usiisage beringi.

Pili, bolti. Zile zilizoshika sahani nyembamba ya oto ni fupi kuliko za flaiwili, kwa sababu flaiwili ni nene. Ukizirudisha zilezile, zitashika uzi mchache tu kwenye kranki na mkono wako utahisi zimekaza. Flaiwili ikichomoka kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika inapasua hausingi na inaweza kufika miguuni kwa dereva. Weka bolti za flaiwili, kaza kwa mpangilio wa msalaba kwa torki renchi, kwa kipimo cha kitabu cha injini.

Ukiwa hapohapo badilisha sili ya nyuma ya kranki, hata kama haivuji. Flaiwili ipelekwe kwa tona ikapitishwe uso. Hakikisha pini mbili za mwongozo zipo kwenye bloku, maana ndizo zinazoiweka giaboksi katikati. Bolti peke yake haziwezi kazi hiyo.

Klachi pleti ina upande. Kitovu chenye springi kinaangalia presha pleti. Iweke katikati kwa kijiti chake cha plastiki au shafti kuukuu ya W.

Kupandisha

Tumia jeki ya giaboksi, au watu wawili na jeki ya kawaida. Kama imebaki sentimita mbili isifike, usiivute kwa bolti: utapinda kitovu cha klachi au kuvunja sikio la hausingi. Weka gia, zungusha shafti ya nyuma kidogo kidogo huku mwenzio anasukuma, itaingia yenyewe. Mafuta ni ya gia 75W-90, si ATF iliyobaki kwenye dumu.

Propela ya GX81 ni ya vipande viwili yenye beringi ya katikati. Kipande cha mbele cha oto usikilazimishe. Ukikosa cha gia za mkono, tona atakirekebisha urefu na lazima kisawazishwe. Mwiko wa mbele (ncha ya propela inayochomekwa kwenye giaboksi) ukishaingia wote, uwe na nafasi ya kurudi nyuma kama sentimita mbili. Bila nafasi hiyo, kila tuta litaisukuma giaboksi.

Pedeli na umeme

Masta ya klachi inahitaji tundu kwenye ukuta wa injini. Angalia kwanza upande wa ndani kama kuna alama iliyogongwa kiwandani; toboa hapo. Kisha jaza mafuta ya breki na toa upepo hadi pedeli iwe ngumu.

Kwenye umeme, oto ilikuwa na swichi inayoruhusu starta kwenye P na N tu. Ukiitoa, gari haiwaki. Mafundi wengi huunganisha zile waya mbili moja kwa moja na kazi inaisha. Mimi siikubali. Siku mtoto atageuza funguo gari ikiwa kwenye gia, itaruka. Pitisha waya hizo kwenye swichi ya pedeli ya klachi, ili starta ipige pale tu klachi imekanyagwa. Waya mbili za taa za rivasi nazo ziunganishwe kwenye swichi ya rivasi ya W. Kama hujui zipi ni zipi, pima soketi ya swichi ya zamani kwa mita huku ukiisogeza kwenye P, R, N, kabla hujakata chochote.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Dodoma:* Mkuu, nimemaliza kila kitu. Injini ikizimwa gia zote zinaingia. Ikiwaka, ya kwanza na rivasi zinakwaruza. Giaboksi mbovu?

Bado usiishushe. Klachi haiachii. Mtu akanyage, wewe angalia kijiti cha masta ya chini. Kikisogea kidogo tu, una upepo au masta ya juu imechoka. Kikisogea vizuri na bado inakwaruza, basi tatizo liko ndani: pleti imegeuzwa, kijiti cha uma si cha hausingi hiyo, au pailoti beringi imekwama na inaizungusha shafti.

*Mwanachama, Mwanza:* Kuna mlio gari ikiwa sailensa (imewaka, imesimama, sijakanyaga mafuta). Nikikanyaga klachi unapotea.

Hiyo ni beringi ya kuingilia ya giaboksi. Ungekuwa unatokea ukikanyaga, ningesema rilizi beringi. Na kabla hujanunua beringi, muulize fundi wako kama alifunga pailoti. Akiuliza "pailoti ipi?", umepata jibu.

*Mwanachama, Mombasa:* Nimeweka W58. Barabara kuu injini inalia juu kuliko zamani, na petroli naona inaenda. Ni kawaida?

Ndiyo ndugu yangu, hesabu zenyewe zinasema hivyo. Gia ya mwisho ya A42DE ni 0.688, ya tano ya W58 ni 0.783. Kwa difu ileile, mwendo uliokuwa unakwenda kwa mizunguko 2,500 kwa dakika sasa ni kama 2,850. Soma kibati cha kwenye ukuta wa injini, mstari wa TRANS/AXLE, ujue difu yako. Ukitoka 4.3 kwenda 3.9 utakuwa umerudi karibu na pale pale, ila kuondoka kutakuwa kuzito kidogo. Gia ya kwanza ya W58 ni 3.285 dhidi ya 2.452 ya oto, kwa hiyo ina nafasi ya kukubeba. Ukibadili difu, linganisha spidomita na GPS, itakudanganya.

*Mwanachama, Iringa:* Mlima Kitonga nikishuka na gia ya pili au ya tatu haitaharibu klachi mpya?

Kushuka na gia hakuli klachi ikiwa umeiachia yote. Kinachoila ni kushikilia gari kwenye mlima kwa nusu klachi nyuma ya lori. Vuta hendibreki. Na kilomita mia chache za mwanzo usivute kitu wala kuondoka kwa fujo, pleti ipate kukaa kwenye flaiwili.

*Mwanachama, Iringa:* Na taa ya O/D OFF (ile ya gia ya mwisho ya oto) inametameta tangu nitoe oto, niiache?

Kontrol boksi inatafuta solenoidi ambazo hazipo tena. Gari haidhuriki. Ukipata boksi ya gia za mkono ya 1G-FE hiyohiyo, yenye soketi sawa na yako, iweke. Usichomoe balbu.