Namna ya Kuingia Please Don't Tell, Baa Iliyojificha Nyuma ya Kibanda cha Simu

Baa hii, ambayo wazoefu huiita PDT, ilifunguliwa mwaka 2007 katika mtaa wa St. Marks Place jijini New York, na mlango wake umo ndani ya duka la soseji liitwalo Crif Dogs. Inaiga vilabu vya siri vya enzi ya marufuku ya pombe nchini Marekani, yaani 1920 hadi 1933, ila leo hakuna polisi wa kukimbiwa. Kinachofanya wengi wakataliwe mlangoni ni kukosa nafasi.

Kwa hiyo weka nafasi mapema, hasa kwa Ijumaa na Jumamosi, kwani ukumbi ni mdogo. Chukua pasipoti yenyewe, wala usitegemee picha yake iliyo kwenye simu, maana sheria hairuhusu kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 21.

Ukishaingia dukani, tafuta kibanda cha simu cha kizamani, ingia, nyanyua mkono wa simu na umwite mhudumu. Mhudumu atakuuliza jina, kisha ukuta wa nyuma ya kibanda utafunguka kama mlango. Ndani kuna mwanga hafifu, kuta za matofali na vichwa vya wanyama waliokaushwa, jambo ambalo kwa maoni yangu limezidi kidogo.

Kinywaji kilichoipatia baa hii sifa ni Benton's Old Fashioned. Mafuta ya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi huyeyushwa na kuchanganywa na wiski ya bourbon, kisha mchanganyiko huwekwa kwenye friza ili mafuta yagande, yaenguliwe na kuchujwa, ibaki ladha ya moshi. Utamu hutokana na sharubati ya utomvu wa mti wa mepo (maple). Asiyekula nguruwe asidanganyike kwa kuona bilauri haina hata tone la mafuta. Badala yake aombe Bee's Knees, kokteli ya jini, maji ya limau na asali, ambayo inaendana vizuri zaidi na enzi inayoigwa. Ukishikwa na njaa, soseji za Crif Dogs huletwa hapo hapo mezani.

Zungumza kwa sauti ya chini na usiwapige picha wateja wengine. Bei zilizoandikwa kwenye menyu hazijajumuisha kodi wala bakshishi, na bakshishi iliyozoeleka New York ni takriban asilimia 20.