Safu ya pH ya maji ya bahari: jina libebe skeli na joto

Safu ya jedwali la data iliyoandikwa "pH" (kipimo cha uasidi) tupu haisemi kitu, hata ikiwa na namba nzuri kama 8.05. Maji yaleyale kwenye skeli ya NBS (ya vimiminika vya kawaida vya kusawazishia) husoma takriban 0.1 zaidi ya kwenye skeli ya jumla (total scale, ya maji ya bahari), ilhali pH ya uso wa bahari hushuka kama 0.002 tu kwa mwaka. Kukosea skeli kunameza mabadiliko ya miaka hamsini.

Faili ya NetCDF (muundo wa faili za data za kisayansi) inayofuata kanuni za CF, zinazopanga majina ya data za hewa na bahari, iandikwe hivi:

standard_name = "sea_water_ph_reported_on_total_scale"
units = "1"

Herufi zote ndogo, na kizio ni "1", si "pH". Jina hilo limeshataja skeli, ila joto halimo, na hapo ndipo data nyingi huharibikia. pH hushuka takriban 0.016 kila joto likipanda digrii moja: sampuli iliyosomwa 8.03 maabara kwa 25 °C ni kama 7.98 baharini kwa 28 °C. Kwa hiyo jina la safu lenyewe liseme. GLODAP, hazina ya kimataifa ya data za kaboni baharini, hutumia phts25p0 (skeli ya jumla, 25 °C, kanieneo sifuri) na phtsinsitutp kwa joto na kanieneo vya pale maji yalipochotwa. Joto la kipimo lipewe safu yake, mbali na joto la bahari. Ukiyachanganya, hakuna atakayeweza kusahihisha baadaye.

Elektrodi iliyosawazishwa kwa bafa (vimiminika vyenye pH inayojulikana) za dukani za 4, 7 na 10 hutoa NBS. Iite ph_nbs, eleza kwenye long_name, na usiweke standard_name ya skeli ya jumla. Wala usitoe 0.1 ukadhani umeshabadilisha skeli, kwani tofauti halisi hutegemea elektrodi yenyewe. Skeli ya jumla hupatikana kwa bafa ya TRIS iliyotengenezwa katika maji bandia ya bahari, au kwa rangi ya m-cresol purple inayosomwa kwenye urefu wa mawimbi ya mwanga wa nanomita 434 na 578.

pH iliyokokotolewa kutokana na ualkali (alkalinity) na kaboni iliyoyeyuka iongezewe _calc kwenye jina, na viwango thabiti vya kemia (constants) vilivyotumika kwenye hesabu vitajwe.

Alama za ubora: 2 nzuri, 3 ya mashaka, 4 mbovu, 9 haipo. Palipo na pengo weka -999 na uitangaze kwenye _FillValue. Usiweke sifuri: sifuri ni pH halali, ingawa bahari ya hivyo ingeyeyusha nanga.