Kichwa kimelala upande? Kinyooshe kwa koklea

Kwa wenzangu wa vyumba vya CT (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande) hapa Mombasa: majeruhi wa bodaboda akiletwa na kola ya kuzuia shingo isisogee, usimlazimishe kichwa, nyoosha picha yake kwenye kompyuta. Fungua vipande vyembamba vya picha (milimita 1 au chini) kwa mwonekano wa mifupa. Ukitazama kwa mbele, zungusha mhimili mpaka koklea (kiungo cha sikio la ndani kilichojiviringa kama konokono) za kushoto na kulia zikae kimo kimoja. Kisha kwenye vipande vya mlalo, mstari kutoka krista gali (kinundu cha mfupa mbele ndani ya fuvu) hadi kinundu cha ndani cha kisogo usimame wima. Rudi ukague koklea tena, maana ukigusa mhimili mmoja, mwingine huteleza. Koklea zinafaa kwa kuwa ni ndogo na zimezama ndani ya mfupa mgumu. Damu wala uvimbe haviziondoi mahali pake. Septamu, utando mwembamba wa katikati ya ubongo, usiiamini kabisa: ubongo ukiwa umesukumwa, utanyoosha ugonjwa wenyewe na msogeo utaonekana mdogo kuliko ulivyo. Hila hii hugoma fuvu likiwa limepinda tangu utotoni, au mfupa wa sikio ukiwa umevunjika na kuhama. Vipande vya milimita 5 navyo usijisumbue, picha hutoka na kingo za ngazi ngazi.