Somo: Kuchagua kuku wa nyama na mayai kwa ufugaji wa uani, Tabora na Kigoma

Kabla ya kuulizia bei ya kifaranga, jiulize nani atatotoa kizazi kinachofuata. Wengi wananunua chotara, wanakula mayai mwaka mzima, halafu hakuna kuku hata mmoja anayekubali kuatamia.

1. Pima chakula kwanza. Mtetea chotara anakula kama gramu 120 kwa siku. Kumi ni kilo 1.2, yaani mfuko wa kilo 50 hauvuki wiki sita. Kama mfuko huo hutaumudu mfululizo, fuga kienyeji. Chotara wa kulishwa pumba tupu hutaga hovyo na kuanza kudonoana manyoya.

2. Chagua aina.
Kuroiler ni chotara anayejua kujitafutia, hutaga mayai kama 150 kwa mwaka akishiba, na jogoo wake hupita kilo 3. Kuatamia, msahau.
Sasso, chotara pia, ananenepa haraka ila ni mzito. Anamfaa mwenye banda la kufungia.
Kuchi, kienyeji mrefu, ana umbo na nyama, mayai machache, majogoo wagomvi.
Kienyeji wa kawaida hutaga mayai 40 hadi 60 tu kwa mwaka, lakini ndiye anayeatamia na kumkwepa mwewe.

Kwa uani ningeshauri mitetea 8 ya Kuroiler, kienyeji 3 wa kuatamia, jogoo 1. Banda la mita 2 kwa 1.5 linawatosha kulala, mchana watoke.

3. Pokea vifaranga. Wakishuka kwenye basi au treni, wape maji yenye glukosi kwanza, chakula baadaye kidogo. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza nyuzi 3 kila wiki. Wakirundikana kwenye jiko la kuwapa joto wana baridi; wakikimbilia ukutani, joto limezidi. Jiko la mkaa bila tundu la hewa litawaua wote usiku mmoja.

4. Chanja. Mdondo (Newcastle, au kideri) siku ya 7, Gumboro (ugonjwa wa virusi unaoshusha kinga ya vifaranga) ya 14 na kurudia ya 28, ndui wiki ya 6 hadi 8.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikihifadhi mayai ya Kuroiler nikatotolesha, nitapata Kuroiler?*
Hapana. Watoto wanatoka mchanganyiko: wengine wakubwa, wengine wadogo, na utagaji unashuka. Kwa kitoweo hakuna shida. Usimwache jogoo mtoto apande mama na dada zake. Badilisha jogoo kila mwaka.

*Nipo kijijini Uyui, sina friji. Mdondo nitachanjaje?*
Tafuta chanjo ya I-2, inavumilia joto kuliko zile nyingine. Tone moja jicho moja, kuku wote siku hiyo hiyo, rudia kila miezi mitatu. Usichanje anayeumwa tayari.

*Sasso wangu wana miezi saba, wazuri kweli, yai hakuna. Nawapa mahindi wanavyotaka.*
Hapo ndipo penye tatizo, dada. Wamejaa mafuta. Pima gramu 120 kila mmoja, gawa asubuhi na jioni, tena kiwe chakula cha watagaji, si mahindi matupu. Weka na chokaa ya mifugo pembeni.

*Huku Kigoma dagaa wapo. Niwape kiasi gani?*
Kilo 1 katika kilo 10 za mchanganyiko inatosha. Chekecha mchanga, na waliotiwa chumvi usiwaguse: kuku watakunywa maji mno na kuharisha. Ukizidisha, mayai yananuka samaki.