Dada, unataka kuongoza utafiti wa samaki wa baharini? Anzia dikoni

Wadogo zangu walioko chuo wananiuliza sana hili, nifanyeje nifike kwenye kuongoza utafiti wa uvuvi, na wengi wanategemea niwatajie digrii. Digrii naipitia chap maana hapo hakuna siri: wapo wanaoanzia cheti FETA, chuo cha uvuvi pale Mbegani Bagamoyo na wanafika mbali tu, wapo wanaoingia moja kwa moja chuo kikuu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) au Pwani kule Kilifi, Kenya, halafu masta na PhD, na Zanzibar ipo IMS, taasisi ya sayansi za bahari ya UDSM, tangu 1978. Ukishaajiriwa fuatilia na ile kozi ya miezi 6 ya uvuvi kule Iceland, GRÓ-FTP, inachukua watu walioko kazini tayari.

Sasa twende dikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki.

Fika kabla vyombo havijarudi, shikamoo kwanza, maswali baadaye. Samaki akishaingia mnadani humgusi tena, mchuuzi ana haraka na barafu inayeyuka, so una dakika chache tu za kupima kati ya chombo na dalali. Beba ubao wa kupimia, mizani na penseli, sio peni, wino ukipata maji unabaki na karatasi ya bluu. Na hapa nisikilize vizuri: urefu wa samaki unapimwa kwa namna zaidi ya moja, kuna hadi ncha ya mkia na kuna hadi pale mkia unapogawanyika panda, chagua moja uiandike juu ya kila fomu. Mimi miezi mitatu ya kwanza nilichanganya, samaki changu napima hivi, kolekole vile, na sikuandika popote, nilipokaa kwenye kompyuta uzito na urefu haviendani kabisa, nikatupa karibu data yote. Nililia asee.

Pima pia jinsia na ukomavu pale unapoweza kununua samaki na kumpasua. Pono kwa mfano wengi wanaanza maisha majike halafu wakikua wanageuka madume, so diko likileta wakubwa tu kila siku ujue huko mwambani madume ndio wanaisha, na hilo huwezi kuliona kwa kuhesabu kilo. Na usije ukachukua data ya msimu wa kaskazi peke yake ukaiita ya mwaka mzima, msimu wa upepo wa kusi vyombo vingi vidogo havitoki na samaki wanaoletwa ni wengine. Rekodi na mwezi wa angani, bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ni tofauti na maji mafu.

Kupanda chombo, haya. Kuna manahodha wanaoamini mwanamke chomboni ni nuksi. Usibishane nao, nenda diko hilohilo wiki mbili tatu wakuzoee, halafu omba safari fupi, mara nyingi ni mzee mmoja mwenye binti anayesoma ndiye atakayekubali kwanza. Ngalawa haina choo, kwa hiyo beba kanga mbili na mwambie nahodha mapema, aibu ya dakika moja pwani ni bora kuliko masaa sita ya mateso. Jaketi la kuokolea maisha njoo na lako.

Lakini pale ambapo sisi tunawazidi wanaume ni kwa akina mama wanaokwenda mwambani maji yakipwa kutafuta pweza, na wale wanaotanda dagaa kwa nguo. Samaki wao mara nyingi hawapiti mnadani, wanaishia jikoni au kwa jirani, kwa hiyo kwenye takwimu hawaonekani. Mwanamke mwenzao akija na ndoo yake anaambiwa kila kitu. Huo unaweza kuwa utafiti wako mwenyewe, sio kipande cha utafiti wa bosi.

Maana kuna mtego hapo, unaweza kukusanya data miaka kumi na jina lako likawa la tano kwenye kila ripoti. Andika andiko dogo lako la kuomba fedha, WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi mwa Bahari ya Hindi, wana ruzuku za utafiti za MARG zinazofaa kuanzia, jina lako liwe la kwanza na bajeti uisaini wewe, ukishajua kubishana na mhasibu kuhusu risiti ya petroli ya boti umeshaanza kuongoza. Kibali cha utafiti usisahau, Kenya ni NACOSTI, Tanzania bara COSTECH, Zanzibar wana utaratibu wao. Na usiogope kama hukuanzia kwenye samaki, Dk. Jacqueline Uku wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, utafiti wake ni wa nyasi za bahari na amewahi kuwa rais wa WIOMSA.

Matokeo yakitoka rudi dikoni kabla ya kwenda kwenye makongamano. Grafu acha ofisini, sema kwa kilo na kwa shilingi. Nahodha atakwambia hiyo sisi tunaijua siku nyingi, halafu ataongeza kitu ambacho hukukiuliza kabisa. Toa penseli.